MUNGANGA BEAUMONT NA TUNDU LA TUMBO

Katika biolojia tunaandika kwamba proteini za nyama na maharagi zinaanza kuvunjwa ndani ya estoma. Lakini nani aliona jambo hilo kwa macho?

William Beaumont alizaliwa mwaka 1785 kule Connecticut, Marekani, mtoto wa mkulima. Hakupita universite, alijifunza uganga kwa kufuata waganga waliomtangulia, kisha akawa munganga wa waaskari.

Tarehe 6 Juni 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac, bunduki ililia kwa bahati mbaya ndani ya duka. Risasi zilimpasua ubavu Alexis St. Martin, kijana Mkanada aliyesafirisha ngozi za wanyama kwa mitumbwi. Wote walisema atakufa. Beaumont alimtunza, akapona, lakini tundu la estoma halikufunga kamwe. Watu wa pale walipochoka kumlisha, munganga alimpokea nyumbani kwake.

Tarehe 1 Agosti 1825 alifunga vipande vya chakula kwa uzi wa hariri, akavipitisha katika lile tundu. Baada ya saa moja kabichi na mukate vilikuwa vimeyeyuka nusu, nyama bado. Baada ya masaa mbili nyama ya ngombe iliyochemshwa ilikuwa imekwisha, lakini ile mbichi karibu vilevile. (Wapishi wetu wako na haki!) Tena alitoa maji ya estoma, akayatia katika chupa ndogo yenye joto la mwili pamoja na nyama: nyama ikayeyuka mule mule. Basi estoma haisagi tu kama kinu. Maji yake ndiyo yanayofanya kazi. Kitabu chake cha 1833 kina majaribio zaidi ya 200.

Hata hivyo aliona mwanzo tu. Asidi aliijua, lakini pepsini, inayokata proteini, ilivumbuliwa na Theodor Schwann mwaka 1836. Kazi inamalizika katika utumbo mwembamba: tripsini ya pankreasi inakata tena, vile vipande vidogo, yaani asidi amine, vinaingia katika damu na kufika kwanza kwenye maini.

Lakini sisi tunauliza: na Alexis? Alipasua kuni na kufanya kazi za nyumba ya munganga, huku uzi ukimuumiza. Mwaka 1825 alikimbia Kanada, akaoa; mwaka 1829 akarudi na bibi yake. Kwa mapatano ya 1832 alipata chakula, nguo na dola 150 kwa mwaka. Mwaka 1834 alikwenda kwao moja kwa moja, wala barua nyingi za munganga hazikumrudisha. Katika kayee zetu jina lake haliko, na tumbo lilikuwa lake.

Beaumont alikufa mwaka 1853, kisha kuteleza juu ya barafu. Alexis aliishi mpaka 1880. Waganga walitaka maiti yake, lakini jamaa waliiacha ioze kwanza, ndipo wakaizika ndani sana, mtu asiweze kuifukua.