Tom Mboya: Kazi Iliyofundisha

Mwalimu mwanachuo anayepangiwa mazoezi ya kufundisha Ruaruke, au katika kijiji kingine cho chote cha Kibiti na delta ya Rufiji, hukuta darasani watoto wanaoijua kazi. Wamekwisha kukaa dunguni kuamia ndege mpunga unapokomaa, wameokota korosho, wamewasaidia wazee wao kuvuta nyavu. Lakini akiwauliza watakuwa nani wakishakua, wengi hutaja kazi zilizo mbali na hayo yote, kana kwamba shule ni njia ya kuikimbia kazi. Naye mwanachuo mwenyewe aghalabu huyahesabu majuma ya mazoezi kuwa kizuizi kinachomchelewesha kupata cheti. Maisha ya Tom Mboya wa Kenya yanawafaa wote wawili. Yanaonyesha jinsi kazi ya ujira inavyoweza kuwa sehemu ya masomo, na yanaonyesha pia masharti ambayo yakikosekana, kazi hiyo haimfundishi mtu kitu.

Utoto na shule

Thomas Joseph Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 katika shamba la mkonge la Kilima Mbogo, karibu na Thika. Wazazi wake walikuwa Wajaluo wa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Victoria. Baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa mnyapara wa vibarua. Wazee wetu waliokwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro wangeyatambua mazingira hayo mara moja: kambi za vibarua, watu wa makabila mbalimbali wakiishi pamoja, na mshahara mdogo. Kwa kukulia mahali kama hapo, mtoto huyo alizoea lugha za majirani zake sawa na lugha ya wazazi wake. Ujuzi huo haukutolewa na shule yo yote, nao ulimfaa maisha yake yote.

Baba yake hakuwa na elimu, lakini alitaka wanawe wasome. Tom alianzia Kabaa, katika shule ya wamisionari huko Ukambani, ambako watoto walijifunza kuandika herufi mchangani kwa kukosa vibao na madaftari. Mwalimu anayelalamika kwamba hawezi kufundisha kwa sababu hana vifaa na alikumbuke jambo hilo. Baadaye alisoma St. Mary's, Yala, kisha mwaka 1946 akaingia Holy Ghost College, Mangu. Huko safari yake ya shule ilikatika. Mshahara wa mnyapara haukuweza kumlipia karo zaidi, na wadogo zake nao walikuwa wakingoja zamu yao. Ilimbidi kijana wa miaka 17 atafute njia ya kuendelea kujifunza bila kumwelemea baba yake.

Mafunzo ya Bwana Afya

Mwaka 1948 Mboya alijiunga na mafunzo ya wakaguzi wa afya yaliyoendeshwa Nairobi chini ya Royal Sanitary Institute. Hiyo ndiyo kazi ambayo sisi tumezoea kumwita mwenyewe Bwana Afya. Sehemu ya mafunzo hayo ilifanyika katika Jeanes School, Kabete, shule iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya kuwaandaa walimu wa kuzitembelea na kuziinua shule za vijijini. Mboya alimaliza mwaka 1950.

Kazi ya Bwana Afya haifundishiki kwa ubao na chaki peke yake. Mwanafunzi hana budi kuingia sokoni, buchani, hotelini na katika nyumba za watu. Aone, anuse, apime, aandike taarifa, kisha amweleze mwenye duka kosa lake bila kumtukana. Kwa njia hiyo Mboya alijifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni ufundi wenyewe. La pili ni kusema na watu wa kila hali, na kutegemea ushahidi mahali pa hasira. Huko Kabete wenzake walimchagua kuongoza baraza la wanafunzi, naye akapata nafasi ya kuendesha mikutano na kupeleka madai ya wenzake kwa wakuu wa chuo. Wanachuo wengi huiona kazi ya uongozi wa wanafunzi kuwa ya kupoteza wakati. Kwake ilikuwa mazoezi ya kazi aliyokuja kuifanya baadaye.

Kazi na haki ya kazi

Mwaka 1951 Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilimwajiri. Hapo ndipo alipoonja upande mchungu wa ujira. Mkaguzi Mwafrika, hata akiwa na ujuzi ule ule na kazi ile ile, alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa Mzungu. Mboya mwenyewe alieleza baadaye kisa cha mama wa Kizungu aliyefika ofisini na chupa ya maziwa yakapimwe. Mama huyo alimkuta Mboya peke yake, akamtazama, kisha akauliza kama kulikuwa na mtu ofisini. Mboya alimjibu kwa kuuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Mama alikasirika.

Kisa hicho huchekesha wanafunzi, lakini mwalimu asiishie kwenye kicheko. Mboya alikuwa na cheti, na kazi aliiweza. Kilichokosekana ni watu waliomzunguka kuuheshimu ujuzi huo, na mwajiri kuulipa haki yake. Badala ya kunung'unika pembeni, alikiongoza chama cha wafanyakazi Waafrika wa Halmashauri, na mwaka 1952 kikawa msingi wa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa za Kenya. Mwaka huo huo hali ya hatari ilitangazwa, na viongozi wengi wa siasa wakatiwa kizuizini. Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 23, Mboya alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya nchi nzima.

Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Mombasa waligoma. Mboya alikwenda kuwatetea mbele ya baraza la usuluhishi, akiwa na hesabu za bei ya chakula, kodi ya nyumba na mahitaji ya familia. Wafanyakazi walipata nyongeza ya asilimia 33. Tukiutazama ushindi huo kwa jicho la mwalimu, tutaona kwamba njia aliyoitumia ni ile ile ya mkaguzi wa afya: nenda mahali penyewe, pima, andika, kisha zungumza.

Kurudi masomoni

Kazi ilimfundisha mengi, tena ilimwonyesha asiyoyajua. Aliyekwisha kubishana na waajiri juu ya mishahara alitambua kwamba anahitaji kujua uchumi na sheria za kazi. Hivyo mwaka 1955 alikwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja katika Ruskin College, Oxford, chuo kilichoanzishwa mwaka 1899 kwa ajili ya watu wazima waliotoka makazini. Alisoma kwa haraka ya mtu anayejua atayatumia wapi anayoyasoma. Aliporudi alichaguliwa mwaka 1957 kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na Desemba 1958, akiwa na miaka 28, aliongoza kama mwenyekiti Mkutano wa Watu wa Afrika Yote uliofanyika Accra.

Ndege za wanafunzi

Mboya, aliyekatishwa masomo kwa kukosa karo, hakusahau. Mwaka 1959 alizunguka Marekani akiviomba vyuo vitoe nafasi kwa vijana wa Afrika Mashariki, na akiwaomba wafadhili walipie nauli. Septemba mwaka huo wanafunzi 81 waliruka kutoka Nairobi. Mwaka 1960 mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000, na mpango ukapanuka kuwachukua vijana wa nchi jirani, Tanganyika ikiwamo. Hadi mwaka 1963 waliosafiri kwa mpango huo walikaribia 800.

Ufadhili haukutosha mahitaji yote. Wengi wa vijana hao waliosha vyombo katika majiko ya vyuo, walifagia kumbi, na wakati wa likizo walitafuta vibarua mijini. Zipo kazi zilizowapa fedha tu. Zipo nyingine zilizowapa fedha na ujuzi pia. Wangari Maathai, aliyekwenda mwaka 1960 kusoma biolojia katika jimbo la Kansas, alipata kazi ya likizo katika maabara ya hospitali moja ya Kansas City. Huko alijifunza kutayarisha vipande vya nyama ya mwili ili vitazamwe kwa hadubini. Aliporudi Nairobi mwaka 1966, ujuzi huo ulimfaa alipoajiriwa chuo kikuu katika idara ya anatomia ya mifugo. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Mboya mwenyewe hakuishi kuiona tuzo hiyo. Alikuwa Waziri wa Kazi mwaka 1962, na mwaka huo serikali, waajiri na wafanyakazi walitia saini Mkataba wa Uhusiano Kazini. Baadaye alishika wizara ya Sheria, kisha ya Mipango ya Uchumi. Tarehe 5 Julai 1969 alipigwa risasi katika barabara ya Government Road, Nairobi, alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Alizikwa Rusinga.

Mafunzo kwa mwalimu mwanachuo

Kutokana na maisha haya tunaweza kusema kwamba kazi humfundisha kijana ikitimiza masharti matatu. Awepo mtu wa kumwongoza na kumsahihisha. Kazi yenyewe ihusiane na anachojifunza, au afunuliwe uhusiano huo. Na jasho lake lithaminiwe kwa haki. Likikosekana sharti la kwanza, kazi ni kubahatisha. La pili likikosekana, ni uchovu. Na la tatu likikosekana, ni unyonyaji.

Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shamba la shule liwe sehemu ya elimu, wanafunzi washiriki kulipanga na waone matunda yake. Mwalimu anayewapeleka watoto kupalilia shamba lake binafsi, kisha akaliita jambo hilo elimu ya kujitegemea, amelipotosha somo. Watoto wa Ruaruke wanaijua tofauti kati ya kusaidia na kutumikishwa, hata wasipoisema. Afadhali nusu saa shambani yenye kupima mistari, kuhesabu mashimo na kuandika mavuno katika daftari la shule, kuliko asubuhi nzima ya majembe bila maelezo.

Kwa upande wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo na ayachukue kama Mboya alivyolichukua soko la Nairobi. Kila jioni aandike alichokiona: mtoto gani hakuelewa, kifaa gani kilifaa, swali gani lilimshinda. Amwombe mwalimu mwenyeji amkosoe. Maswali yaliyomshinda ndiyo ayarudishe chuoni, maana hayo ndiyo yatakayoyapa maana masomo ya mwaka unaofuata.

Anapofundisha wasifu huu katika darasa la sita au la saba, aanze kwa kuwataka wanafunzi wataje kazi walizozifanya msimu uliopita na ujuzi walioupata katika kila moja. Aiandike orodha hiyo ubaoni kabla ya kulitaja jina la Mboya. Kisha asimulie maisha yake, na mwishowe wanafunzi walinganishe orodha yao na ujuzi alioupata yeye.

Maswali ya majadiliano

1. Mboya alijifunza nini katika ukaguzi wa afya kilichomsaidia katika kuwatetea makuli wa Mombasa?
2. Kazi ya kuosha vyombo ina nafasi gani katika elimu ya mwanafunzi wa chuo? Toeni hoja za pande zote mbili.
3. Chagueni kazi moja ya msimu katika delta ya Rufiji. Andaeni somo la hesabu la dakika 40 linalotokana na kazi hiyo.