Padre Lemaître na Mwanzo wa Ulimwengu

Waamini wengi huuliza: je, mtu anaweza kusadiki kwamba Mungu ndiye Muumba na papo hapo akakubali nadharia ya Mlipuko Mkuu? Aliyeweka msingi wa nadharia hiyo alikuwa padre.

Georges Lemaître alizaliwa Charleroi, Ubelgiji, tarehe 17 Julai 1894. Vita Kuu ya Kwanza vilimkuta akisomea uhandisi, akawa askari wa mizinga. Baada ya vita aliingia seminari, akapewa daraja ya upadre mwaka 1923, kisha akaendelea na masomo Cambridge na Marekani.

Mwaka 1927, akifundisha Leuven, alieleza kwamba galaksi zinazidi kuachana kwa sababu ulimwengu wenyewe unapanuka. Einstein alizikubali hesabu zake, akaikataa maana yake. Mwaka 1931 Lemaître aliongeza kuwa hapo mwanzo vitu vyote vilikuwa vimebanana kama atomu moja.

Papa Pius XII alipoihusisha nadharia hiyo na uumbaji mwaka 1951, Lemaître hakufurahi. Nadharia huweza kusahihishwa kesho. Imani haijengwi juu yake. Hata hivyo alibaki mtumishi mwaminifu wa Kanisa, na tangu 1960 aliongoza Taasisi ya Kipapa ya Sayansi.

Alifariki tarehe 20 Juni 1966, muda mfupi baada ya kupashwa habari kuwa wanasayansi wamegundua mabaki ya joto la mwanzo ule. Kwa hiyo, mseminari anayependa hesabu asiogope: anaweza kumtumikia Mungu mmoja altareni na ubaoni.