Simon Kimbangu: alihubiri miezi mitano, akafungwa miaka 30

Tangu mwaka 2023, tarehe 6 ya mwezi wa nne ni siku ya mapumziko katika Kongo nzima. Shule zinafungwa, na ofisi za serikali pia. Huku Vuhovi, makao makuu ya usultani wa Bashu katika teritwari ya Beni, watoto wanabaki nyumbani ao wanafuata wazazi shambani, na si wote wanaojua ni nani aliyewapatia siku hiyo. Ni Simon Kimbangu. Hakuwa Mkatolika, na huku kwetu Wakatolika ndio wengi. Lakini kama leo mtu wa Butembo anaweza kuhama kanisa bila kufungwa, sehemu ya bei alilipa yeye.

Alizaliwa mwaka 1887 katika kijiji cha Nkamba, Kongo ya Kati, mbali kabisa na milima yetu. Mama yake alikufa mapema, akalelewa na shangazi yake Kinzembo. Alisoma kwa wamisionari Wabaptisti wa Uingereza, na mwaka 1915 alibatizwa kwao Ngombe-Lutete pamoja na mke wake, Marie Muilu. Walizaa wana watatu: Charles Kisolokele, Salomon Dialungana na Joseph Diangienda.

Mwaka 1918, wakati homa kubwa ilikuwa ikimaliza watu dunia nzima, alisema kwamba alisikia sauti ya Mungu ikimwita achunge watu wake. Alikataa. Alikimbilia Léopoldville, Kinshasa ya leo, akafanya kazi huko, kisha akarudi Nkamba. Tarehe 6 mwezi wa nne 1921 aliingia katika nyumba ya mwanamke mgonjwa, akamwekea mikono na kumwombea. Habari ilitoka kwamba mwanamke amepona.

Kwa majuma machache tu, barabara za kwenda Nkamba zilijaa. Wagonjwa walitoka hospitali, wafanyakazi waliacha mashamba ya wazungu, na treni ya Matadi ilibeba watu wa safari hiyo. Mafundisho yake hayakuwa ya vita: kuacha hirizi, kuacha wake wengi, kuacha ngoma na kuomba Mungu. Lakini Mwafrika aliyeita maelfu ya watu bila ruhusa ya mzungu, kwa Wabelgiji hilo lilitosha.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Kanisa Katolika halikuenea Kongo kwa mahubiri peke yake. Mwaka 1906 Léopold II alifanya mapatano na Vatikano: misioni zipewe ardhi, nazo zifungue shule. Baadaye serikali ya kikoloni ilitoa pesa kwa shule za misioni za Kibelgiji, na hizo zilikuwa karibu zote za Kikatolika. Waprotestanti, ambao wengi walikuwa Waingereza, Waamerika na Waswidi, walionekana kama wageni wenye siri. Kwa hiyo Kimbangu, mtoto wa Wabaptisti, alikuwa na makosa mawili machoni pa wakubwa hata kabla ya kufungua kinywa. Mapadri walidai hatua kali. Wamisionari wake wenyewe waligawanyika juu yake, lakini baada ya hukumu waliomba asiuawe.

Mwezi wa tano 1921 administrateur Léon Morel alikwenda Nkamba kumwangalia. Mwezi uliofuata alirudi na askari ili amkamate. Kimbangu alitoroka, akaendelea kuhubiri kwa kujificha. Tarehe 12 mwezi wa tisa alirudi mwenyewe Nkamba na kujitoa, wala hakuacha watu wake wapigane.

Mahakama ya kijeshi ya Thysville, leo Mbanza-Ngungu, ilimhukumu tarehe 3 mwezi wa kumi: fimbo 120, kisha kifo. Mfalme Albert I aligeuza kifo kuwa kifungo cha maisha. Wakampeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, upande mwingine wa inchi. Alikaa gerezani miaka 30, akafia huko tarehe 12 mwezi wa kumi 1951. Ilisemwa kwamba alibatizwa Mkatolika akiwa kitandani pa kufa. Wakimbangu wanakanusha kabisa, na mzozo huo unaonyesha namna watu walivyogombania hata pumzi yake ya mwisho.

Hapa ndipo Wabelgiji walipokosea hesabu. Ili wazime kanisa lake, walihamisha wafuasi wake kwa nguvu: Ikweta, Kasai, Mashariki, hata Lowa, pale mto unaotoka Kivu unapoingia Lualaba. Kanisa lenyewe linahesabu jamaa 37.000 zilizohamishwa. Kila aliyehamishwa aliomba na wenzake kule alikotupwa, na wenyeji wakasikiliza. Kilichokuwa jambo la Wakongo wa Magharibi kikawa jambo la inchi nzima, kwa gari na mashua za serikali!

Huku Beni, mapadri Waasumpsionisti walifika mwaka 1929, miaka nane baada ya hukumu ile. Mwezi wa kumi na moja 1959 Roma ilifanya Beni kuwa jimbo kamili. Majuma machache baadaye, tarehe 24 mwezi wa kumi na mbili, serikali ilikubali kanisa la Kimbangu kisheria, likiongozwa na Diangienda. Kisolokele aliingia katika serikali ya Lumumba mwaka 1960. Mwaka 1969 kanisa lilipokelewa katika Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na sheria ya mwisho wa 1971 ililiweka pamoja na Wakatolika na Waprotestanti. Mafundisho yake ya baadaye, ya kwamba Kimbangu ni Roho Mtakatifu, yaliliachanisha na Baraza hilo mwaka 2021.

Baada yake njia ilikuwa rahisi zaidi kwa wengine. Wamormoni kutoka Marekani walipata karatasi za serikali mwaka 1986, na hekalu lao la Kinshasa lilifunguliwa 2019 bila mtu kupigwa fimbo. Wao wanakataza hata kahawa, neno gumu kwa mkulima wa Butembo. Wakimbangu wanaacha kahawa, lakini kasiksi hapana.

Mwili wa Kimbangu ulirudishwa Nkamba mwezi wa nne 1960, na wafuasi wanauita mji huo Yerusalemu Mpya. Marie Muilu, aliyeshikilia kanisa kwa siri miaka yote ile ya gereza, hakuona siku hiyo. Alikufa mwezi wa nne 1959, miezi minane kabla ya karatasi ya serikali kutoka.