Mtoto wa Mchukuzi Aliyepata Kuwa Amiri

Katika karne ya 17 cheo cha kuongoza manowari huko Ulaya kilikuwa, kwa sehemu kubwa, urithi wa watoto wa mabwana. Michiel de Ruyter hakuwa mtoto wa bwana. Alizaliwa tarehe 24 Machi, 1607, katika bandari ya Vlissingen, nchi ya Uholanzi, na baba yake alikuwa mchukuzi wa mapipa ya bia. Masomo hayakumkaa. Akapelekwa kuzungusha gurudumu katika kiwanda cha kamba cha akina Lampsins, matajiri wa mji ule, na mwaka 1618, akiwa na miaka 11 tu, akaingia merikebuni kuwa mtumishi wa serahangi.

Tangu hapo alipanda ngazi zote kwa miguu yake mwenyewe. Alikuwa mpiga mzinga, akawa baharia wa merikebu za biashara na za kuwinda nyangumi, kisha nahodha. Mwaka 1652 alikuwa amekwisha kuweka akiba ya kumtosha, akaoa mke wa tatu, Anna van Gelder, akakusudia kukaa nchi kavu. Lakini mwaka ule ule vita na Waingereza vilizuka, naye akaitwa. Amiri Tromp alipouawa mwaka 1653, De Ruyter aliombwa ashike mahali pake akakataa, kwa kuwa walikuwapo maofisa waliomtangulia kwa cheo. Si wengi wanaokataa jambo kama hilo.

Sasa tunafika mahali ambapo msomaji Mwafrika hawezi kupita upesi. Mwaka 1664 Waingereza waliziteka ngome za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Magharibi katika pwani ya Afrika Magharibi. De Ruyter, aliyekuwa Bahari ya Kati akiwakabili maharamia na kuwakomboa Wakristo waliotiwa utumwani Algiers, alipewa amri ya siri aende kuzirudisha. Akaenda. Alikitwaa tena kisiwa cha Gorée, kilicho katika nchi ya Senegal ya leo, na mwezi Februari, 1665, akaiteka ngome ya Kormantin, katika Ghana ya leo. Ngome zile hazikuwa maghala ya dhahabu na pembe tu. Zilikuwa milango ya kupitishia watu waliouzwa. Hata jina la Kormantin lilivuka bahari pamoja nao, kwani huko Jamaika watumwa wenye asili ya Kiakan waliitwa kwa jina hilo. Basi mtu yule yule aliyewafungua watumwa wa Algiers aliirudishia kampuni yake milango ya utumwa.

Tena lipo jambo linalozidisha uchungu. Brandt, ambaye kitabu chake cha maisha ya De Ruyter kilitoka mwaka 1687, anasimulia kwamba huko Gorée alijitokeza mzee mmoja Mwafrika aliyesema Kiholanzi. Kumbe walifahamiana tangu ujana wao Vlissingen, nao wakafurahiana kama watu waliokula sahani moja. Alijua basi, kwa macho na kwa moyo, kwamba Mwafrika ni mtu kama yeye. Wala hatuwezi kumtetea kwa kusema kwamba nyakati zilikuwa hivyo.

Aliporudi kwao mwezi Agosti, 1665, amiri mkuu Obdam alikuwa amekufa vitani, na safari hii De Ruyter hakukataa. Yeye na Johan de Witt, kiongozi wa serikali, walizinyosha manowari ambazo majimbo yalikuwa yakizigombania, na manahodha waliozoea kukimbia vita wakafundishwa kukaa mstarini. Mwezi Juni, 1666, alipigana na Waingereza siku nne mfululizo akawashinda. Baada ya vita, bwana mmoja wa Kifaransa aliyekuwa pamoja nao, de Guiche, alimkuta amiri akifagia chumba chake na kuwalisha kuku wake. Mabaharia walimwita Bestevaer, yaani babu, na jina hilo hawampi mkubwa asiyejua kazi yao.

Ushindi wake mkubwa ulikuja mwezi Juni, 1667. Manowari zake ziliingia mto Medway, zikachoma merikebu za Kiingereza karibu na Chatham, zikaikokota Royal Charles, fahari ya mfalme, mpaka Uholanzi. Hapa tungependa wafanyakazi wetu watazame upande wa pili. Serikali ya Uingereza ilikuwa imeishiwa fedha, ikawalipa mabaharia wake vyeti vya ahadi badala ya mishahara. Na katika manowari za Uholanzi walikuwamo Waingereza waliozikimbia zao kwa sababu hiyo. Ngome na mizinga havikuwasaidia waliomnyima mtu jasho lake. Mwezi Julai amani ilitiwa sahihi huko Breda.

Mwaka 1672 Waingereza na Wafaransa waliivamia Uholanzi pamoja. Watu wenye hasira wakamwua De Witt na ndugu yake barabarani, na nyumba ya De Ruyter ikanusurika kuporwa na umati, ilhali mwenyewe alikuwa baharini akiwalinda hao hao. Mwaka uliofuata aliwazuia maadui mara tatu wasishushe jeshi pwani.

Mwaka 1675 alitumwa Sicily na kundi dogo la manowari kuwasaidia Wahispania juu ya Wafaransa. Aliwaambia wakubwa wazi kwamba nguvu hazitoshi. Wakashuku moyo wake, akaenda. Mwezi Februari, 1676, huko Naples, kwa maombi yake, walifunguliwa wachungaji 26 wa Kiprotestanti kutoka Hungaria, waliokuwa wamefungwa minyororo kwenye makasia ya merikebu. Nani asiyefurahi kusikia hayo? Lakini watu wa Kormantin hawakupata mwombezi kama huyo.

Tarehe 22 Aprili, karibu na Augusta, risasi ya mzinga ilimkata sehemu ya mguu mmoja na kumvunja mwingine. Homa ikamshika, akafariki tarehe 29 katika ghuba ya Siracusa. Maiti yake ilirudishwa Amsterdam, ikazikwa kwa heshima za taifa tarehe 18 Machi, 1677, katika Nieuwe Kerk, mahali ambapo zamani ilisimama altare kuu.