Hemingway: Aliibeza fimbo ya dola 45, akaishia kuvulia za bei mbaya

WIKIENDI ambayo hakuna mechi, wapo vijana wa Mpanda wanaopanda gari kuelekea Karema au Ikola, kule mkoa wa Katavi unakokutana na Ziwa Tanganyika. Wengine wanafuata biashara ya migebuka na dagaa, wengine wanakwenda kuogelea tu. Lakini wapo wachache waliopatwa na ugonjwa wa kuvua kwa fimbo. Hao ukiwakuta wamekaa, ubishi wao hauna tofauti na wa Simba na Yanga. Huyu anasema Shimano, yule Daiwa, mwingine anaapa kwamba Penn haijawahi kumwangusha. Halafu anatokea mzee mwenye mshipi wa mkono uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, anavuta kuhe mbele yao, ubishi unakufa kwa muda.

Ubishi huo una zaidi ya miaka 100. Mmoja wa walioukoleza ni mtu ambaye dunia inamjua kwa vitabu kuliko kwa ndoano: Ernest Hemingway, Mmarekani aliyevua mito ya Michigan, bahari ya Cuba, Malindi na Shimoni, na ambaye jina lake bado linatumika kuuza vifaa vya uvuvi.

Alizaliwa Julai 21, 1899, Oak Park, jirani na jiji la Chicago. Baba yake, Clarence, alikuwa daktari aliyependa pori kuliko mji. Familia ilikuwa na nyumba ya mapumziko kando ya ziwa kaskazini mwa Michigan, na huko ndiko mtoto alikotiwa fimbo mkononi akiwa bado hajaanza shule. Samaki wa huko ni trauti, mwenye madoadoa na ujanja mwingi, anayependa maji ya baridi. Ukimkosa mara moja harudi kirahisi.

Mwaka 1917, akiwa na miaka 18, aliajiriwa na gazeti la Kansas City Star kwa mshahara wa dola 15 kwa wiki. Alikaa miezi michache tu, kisha akaenda vitani Italia kuendesha magari ya wagonjwa ya Msalaba Mwekundu, akajeruhiwa vibaya miguuni Julai 1918. Aliporudi nyumbani hakuwa na kazi, akawa anashinda mtoni. Ndipo alipoanza kuandika makala za gazeti moja la Toronto, nchini Canada, nyingi zikiwa za uvuvi.

Makala moja ya mwaka 1920 ndiyo inayowahusu hawa wabishi wa Karema. Kijana wa miaka 20, mfukoni hana kitu, aliyashambulia magazeti ya michezo kwa kuwaaminisha watu kwamba muungwana havui trauti ila kwa fimbo ya dola 45 na chambo bandia cha manyoya kilichotengenezwa mithili ya mdudu. Yeye akasema kuna njia nyingine ya gharama ndogo, ya chambo cha kawaida kabisa, na samaki wanapatikana. Piga hesabu: dola 45 ulikuwa mshahara wake wa wiki tatu pale Kansas City. Ni sawa na kumwambia kijana wa mchangani kwamba bila kiatu kama cha Messi asiguse mpira.

Na alikuwa na hoja. Fimbo ghali za wakati huo zilikuwa za mwanzi, lakini si mwanzi unaokata kichakani ukafunga mshipi. Fundi alichukua mwanzi mgumu wa China, akaupasua vipande vyembamba, akavichonga pembe tatu, kisha akaviunganisha sita kwa gundi hadi vikawa fimbo moja yenye pande sita, laini ya kupindika na ngumu ya kuvunjika. Kazi hiyo ilikula siku nyingi, na bei ililipa siku hizo. Waingereza wa Hardy, kutoka mji mdogo wa Alnwick, ndio walioshika usukani. Kampuni yao ilianza 1872, na fimbo zao za mwanzi ziliuzwa kwa jina la Palakona.

Sasa hapa ndipo jamaa anapochekesha. Desemba 1921 alihamia Paris na mke wake wa kwanza. Vitabu vikaanza kutoka, pesa ikaingia, na yule mkosoaji wa fimbo ghali akageuka mteja wa Hardy! Kati ya fimbo zake ilikuwamo moja iitwayo Fairy, nyepesi, ya futi nane na nusu, ya kuvulia trauti. Wapo watakaosema ni usaliti, kama mchezaji aliyeapa hatavaa jezi fulani halafu anaonekana nayo kwenye utambulisho. Ukweli ni kwamba alichokataa 1920 ni ile dhana kwamba bila fimbo ghali wewe si mvuvi. Kuwa fimbo nzuri ni nzuri, hilo hakuwahi kulipinga.

Mwaka 1928 alihamia Key West, Florida, na huko akakutana na samaki wa daraja jingine: nduwaro, sulisuli na jodari wenye uzito wa kupita wa mtu. Hapa somo la kuchagua kifaa linageuka chini juu. Mtoni, unapovua trauti, fedha yako iweke kwenye fimbo, kwa sababu ndiyo inayorusha chambo. Rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, kazi yake ni kama stoo tu. Baharini mambo yanabadilika. Samaki wa kilo 150 akikimbia, kinachomshika ni breki ya rili. Ikishika ghafla mshipi unakatika, ikilegea mshipi wote unaisha. Fimbo inabaki fupi na nene, ya kukupa nguvu ya kunyanyua. Ndiyo maana wavuvi wa wakati huo walibishania rili kwanza, Hardy ya Uingereza dhidi ya Vom Hofe ya New York, na zote bei yake ilikuwa ya matajiri. Penn ya Philadelphia, iliyoanzishwa 1932, ilikuja kuwapa watu wa kipato cha kati rili ya baharini wanayoweza kuimudu, na mpaka leo ina mashabiki kwa sababu hiyohiyo.

Desemba 1933 alitua Mombasa na mke wake wa pili, Pauline, kwa safari ya uwindaji iliyolipiwa na mjomba wa mkewe, tajiri wa kampuni ya dawa. Akiwa Tanganyika alishikwa na kuhara damu, akarushwa kwa ndege kupita jirani na Kilimanjaro kwenda kutibiwa Nairobi. Alipopona akarudi kuwinda, ukanda wa Babati na Handeni. Njia zake zilipita kaskazini na mashariki, mbali na Mpanda. Uwindaji ulipoisha, Februari 1934, yeye na mwindaji Philip Percival waliteremka Malindi, wakatoka baharini kuvua.

Aliporudi Marekani mwaka huohuo alikwenda moja kwa moja kwenye karakana ya Wheeler, Brooklyn, akaagiza boti yake mwenyewe ya futi 38, akaiita Pilar. Bei yake ilikuwa karibu dola 7,500. Sehemu ya fedha alikopeshwa na mhariri wa jarida la Esquire, akalipa kwa kuandika makala.

Kilichomjengea jina kwa wavuvi ni visiwa vya Bimini, mwaka 1935. Huko jodari wakubwa walikuwa wakinaswa lakini hawafiki juu wakiwa wazima. Mvuvi anapambana saa nzima, mwisho anavuta kichwa tu, mwili wote papa wameshakula. Wengi waliamini haiwezekani. Hemingway akabadili mfumo: badala ya kumwacha samaki achoke mwenyewe, akambana tangu mwanzo bila kumpa nafasi ya kupumua, ili afike botini kabla papa hawajafika. Yaani alikabia juu. Akawa wa kwanza kutoa jodari mkubwa mzima katika maji yale kwa fimbo. Mfumo huo unamuumiza mvuvi kuliko samaki, mgongo na mikono inawaka moto, na unahitaji kifaa usichokitilia shaka. Pale dola 45 haikuwa tena mzaha.

Mwaka huohuo, akielekea Bimini, alijipiga risasi miguuni kwa bahati mbaya akijaribu kummaliza papa. Huyo ndiye Hemingway, ajali kwake zilikuwa kama kadi za njano kwa beki mkorofi.

Chama cha kimataifa cha uvuvi wa michezo, IGFA, kilipoanzishwa 1939, kiliweka kanuni ambazo bado zinatumika: samaki avutwe na mtu mmoja bila kusaidiwa, na aliyeliwa na papa hahesabiwi. Ni kama goli la kuotea, hata liwe zuri kiasi gani. Kuanzia 1940 Hemingway alikuwa makamu wa rais wa chama hicho hadi kifo chake.

Lakini 1940 ndio mwaka uliomvunja moyo. Sanduku lake kubwa la vifaa vya mtoni, fimbo, rili, mishipi na vyambo vya manyoya alivyokusanya kwa miaka mingi, lilipotea likisafirishwa kwa reli kwenda Idaho. Halikupatikana. Fairy ilisalimika kwa kuwa haikuwamo. Mtu mwenye fedha kama zake angeweza kuingia dukani kesho yake akanunua vyote upya, lakini hakufanya hivyo. Mwanawe mkubwa, Jack, ambaye naye alikuwa mvuvi hodari, alisimulia baadaye kwamba baada ya hasara ile baba yake karibu aliachana kabisa na uvuvi wa trauti. Anayejua kuachana na mpira kwa sababu ya goti moja anaelewa.

Bahari ikabaki. Mwaka 1952 alitoa kitabu cha mzee mvuvi wa Cuba na nduwaro mkubwa, kikampa tuzo ya Pulitzer 1953. Wengi hawalitazami hili: shujaa wa kitabu hicho hana fimbo wala rili. Anavua kwa mshipi wa mkono, kama wazee wa Karema, na mshipi unamchana viganja. Mtu aliyemiliki Hardy, alipotaka kuonyesha mvuvi kamili, alimpa kifaa cha bei ya chini kuliko vyote.

Afrika Mashariki ilimwita tena 1953, safari hii na mke wa nne, Mary. Mwanawe Patrick alikuwa mkulima Nyanda za Juu Kusini, upande wa Sao Hill, Iringa, naye akamtembelea. Januari 23, 1954, ndege ndogo waliyokodi iligonga waya wa simu karibu na maporomoko ya Murchison, Uganda, ikaanguka. Wakalala porini. Kesho yake walifika Butiaba kwa boti, wakapakiwa kwenye ndege nyingine, nayo ikawaka moto ikijaribu kuruka. Alisukuma mlango kwa kichwa ndipo akatoka. Magazeti ya dunia yalikuwa yameshatangaza kifo chake, naye akapata nafasi adimu ya kusoma tanzia zake mwenyewe.

Fuvu lilipata ufa, ini na figo ziliumia, uti wa mgongo ukabonyea. Madaktari gani wangemruhusu kuvua? Yeye akaenda Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, kwenye kambi ya uvuvi iliyokuwa imeshapangwa. Boti zilikuwepo, fimbo zilikuwepo, samaki walikuwepo. Mwili haukuwepo. Siku nyingi alibaki nchi kavu, mkali kwa kila aliye karibu. Moto wa kichaka ulipozuka alijitosa kusaidia kuuzima, akaangukia humo na kuungua. Oktoba mwaka huo akapewa Nobel ya fasihi, lakini hakuwa na nguvu za kusafiri kwenda kuipokea.

Mei 1960, Havana, yalifanyika mashindano ya uvuvi yenye jina lake. Mshindi binafsi alikuwa Fidel Castro, na kombe alikabidhiwa na Hemingway mwenyewe. Mwaka huo aliondoka Cuba asirudi tena. Maumivu, shinikizo la damu na huzuni nzito vilimzidi, na Julai 2, 1961, akajitoa uhai nyumbani kwake Ketchum, Idaho, kama baba yake alivyofanya 1928.

Fimbo za mwanzi nazo zilikuwa zinaondoka sokoni. Nyuzi za kioo zilizoingia baada ya Vita Kuu ya Pili ziliwezesha viwanda kama Shakespeare kutoa fimbo imara kwa bei ya mfanyakazi wa kawaida, kisha ikaja kaboni, nyepesi zaidi ila haipendi kugongwa kwenye mawe wala kubanwa na mlango wa gari. Kwa anayesafiri na fimbo nyuma ya pikipiki kutoka Mpanda hadi Ikola, iliyochanganya kioo na kaboni ndiyo ya katikati kwa bei na kwa uvumilivu. Kisha breki ya rili ijaribiwe palepale dukani, kwa kuvuta mshipi polepole, kabla ya kulipa.

Fairy ya Hemingway imehifadhiwa kwenye makumbusho ya uvuvi huko Vermont, Marekani. Pilar aliachiwa nahodha wake, Gregorio Fuentes, aliyefariki 2002 akiwa na miaka 104. Boti hiyo ipo nchi kavu kwenye nyumba ya zamani ya bosi wake nje kidogo ya Havana, imeegeshwa mahali palipokuwa uwanja wa tenisi.