Bentley: Mkulima aliyenasa theluji kabla haijayeyuka

THELUJI haihifadhiki. Hudondoka kutoka mawinguni ikiwa na umbo la nyota yenye ncha sita, na pindi ipatapo joto, hata la pumzi ya mtu, hugeuka kuwa tone la maji. Wilson Alwyn Bentley, mkulima wa Marekani, alishindana na ukweli huo kwa zaidi ya miaka 46.

Bentley alizaliwa mnamo Februari 9, 1865 katika kijiji cha Jericho, jimbo la Vermont, kaskazini mashariki mwa Marekani, ambako majira ya baridi ni marefu na makali. Mamake, Fannie, aliyewahi kuwa mwalimu, alimfunza nyumbani hadi alipofika umri wa miaka 14. Ni mama huyo aliyempa hadubini kuukuu iliyoyafungua macho yake.

Kijana huyo alianza kwa kuzichora chembe za theluji kwa mkono. Kila mara ziliyeyuka kabla hajamaliza. Akaomba kamera. Babake, Edward, hakuona faida ya mwana wa mfugaji kuchungulia theluji ilhali kazi za shamba zinamngojea. Hata hivyo, alitoa takriban dola 100 kununua vifaa hivyo, kiasi kikubwa mno kwa familia ya wakulima enzi hizo.

Baada ya majaribio mengi yaliyoambulia patupu, Januari 15, 1885 Bentley, akiwa na umri wa miaka 19, alifaulu kupiga picha ya chembe moja ya theluji kupitia hadubini. Anatambuliwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa duniani kufanya hivyo.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Akiwa katika kibanda kisicho na moto, alizikinga chembe kwa ubao mweusi, akaiinua moja kwa kijiti, akailaza juu ya kioo na kuibandika taratibu kwa unyoya. Yote hayo aliyafanya huku amebana pumzi, kwani pumzi ingeiyeyusha.

Majirani walimwona kuwa mtu wa ajabu. Wasomi nao hawakukosa la kusema. Bentley alikuwa na desturi ya kukwangua kwa kisu sehemu za negativu zilizoizunguka chembe ili picha iwe na usuli mweusi. Gustav Hellmann, mtaalamu wa hali ya hewa wa Ujerumani, alimkosoa kwa hilo, akihofia kwamba kisu kilibadilisha umbo halisi. Lawama hiyo haikuwa ya bure: picha zake nyingi zilikuwa za chembe zilizokamilika, ilhali theluji nyingi huanguka ikiwa imevunjika au kupindika.

Hata hivyo, Bentley hakukata tamaa. Aliandika makala katika majarida ya sayansi, akapima ukubwa wa matone ya mvua kwa kuyaacha yaangukie kwenye sinia la unga wa ngano, na mwaka wa 1903 akapeleka picha 500 katika taasisi ya Smithsonian, Washington. Vioo vya picha zake aliviuza kwa senti tano kila kimoja. Hakuoa wala hakutajirika, na ng'ombe wake aliendelea kuwakamua.

Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa amepiga zaidi ya picha 5,000, na katika hizo zote hakupata chembe mbili zilizofanana. Kitabu chake, Snow Crystals, alichokiandaa pamoja na mwanafizikia William J. Humphreys, kilichapishwa mwaka wa 1931 kikiwa na picha zaidi ya 2,400.

Hakukifurahia kwa muda mrefu. Mwezi Desemba mwaka huo alitembea karibu kilomita 10 katika dhoruba ya theluji akirejea nyumbani. Aliugua nimonia, akafariki Desemba 23, 1931, akiwa na umri wa miaka 66.

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Bentley aliinama juu ya hadubini yake kila msimu wa baridi, bila shahada wala mshahara. Theluji aliyoiona iliyeyuka zamani, lakini sura yake ingalipo.