Abdur-Rahman bin Auf na Njia ya Sokoni

Watu wengi hudhani kuwa taajiri hupambanuka na wenziwe kwa rasilimali aliyoanza nayo. Maisha ya Abdur-Rahman bin Auf, Mwenyezi Mungu amuwie radhi, yaibatilisha dhana hiyo.

Alikuwa Mkureshi wa Makka, wa ukoo wa Bani Zuhra, na mmoja katika watu kumi waliobashiriwa Pepo. Alipohamia Madina mwaka 622, Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfunga udugu na Saad bin Rabii, mtu wa Madina mwenye mali nyingi. Saad akataka kumgawia nusu ya mali yake, na kumwacha mmoja katika wake zake wawili ili mgeni amwoe eda ikisha. Abdur-Rahman akamwombea baraka katika mali yake na watu wake, kisha akataka jambo moja tu: aonyeshwe soko lilipo.

Izingatie tabia hii, ewe ndugu. Hakuudharau wema wa mwenziwe, wala hakuuegemea. Alikwenda soko la Bani Kainukaa, akanunua na kuuza, akarejea na samli na maziwa makavu, ndiyo faida yake ya kwanza. Hakuona haya kuanza na kidogo, wala hakuacha kurudi kesho yake. Hazikupita siku nyingi ila alionekana na athari ya manukato ya arusi: ameoa, na mahari yake ni dhahabu ya uzani wa kokwa ya tende.

Tabia ya pili ni kuwa mali haikuushika moyo wake. Siku moja amefunga, akaletewa chakula, akamkumbuka Musaab bin Umair aliyeuawa Uhud mwaka 625, ambaye sanda yake ilikuwa nguo moja: kichwa kikifunikwa, miguu huwa wazi. Akachelea kuwa ujira wake yeye umetangulizwa duniani, akalia hata akakiacha chakula.

Ya tatu ni uaminifu. Sayyidna Umar alipojeruhiwa mwaka 644, alimtia katika watu sita wa kumchagua khalifa. Yeye akajitoa katika kuutaka ukhalifa, akauliza rai za watu mpaka akachaguliwa Sayyidna Uthman.

Alifariki Madina yapata mwaka 652, akazikwa Bakii, naye ni katika matajiri wakubwa wa mji ule.

Basi mwenye kungoja urithi au mkopo ndipo aanze, na ajiulize: je, amekwisha kuiuliza njia ya sokoni?